Ubuyu wa Mtutu Mpya: Fundi Mmoja Alivyomwanika Mwenzake

Wadau, mnakumbuka enzi zile ukinunua simu mpya, muuzaji anakwambia uichaji masaa manane kwanza ndipo uitumie? Ushauri ulikuwa na maana kwa betri za zamani za nikeli. Betri zikabadilika, ushauri ukabaki. Sasa, wanaoshindana kulenga shabaha kwa bunduki nao wana ya kwao, na ndani yake kuna ubuyu wa pesa.

Iko hivi. Huko Marekani, mtu akinunua mtutu mpya wa mashindano, mara nyingi anaambiwa auzoeshe kwanza. Anapiga risasi moja, anasafisha mtutu mpaka ung'ae. Anapiga nyingine, anasafisha tena. Baadaye anaruhusiwa kupiga tatu tatu kabla ya kusafisha. Siku nzima inaisha, bega linauma, na shabaha yenyewe hajaanza kuilenga.

Hofu hii haikutoka hewani. Julai 1860, Malkia Victoria alifungua mashindano makubwa ya kulenga shabaha pale Wimbledon, Uingereza. Bunduki ya Whitworth ilifungwa kwenye stendi, yeye akavuta kamba tu, na risasi ikapiga karibu kabisa na katikati ya shabaha iliyokuwa yadi 400. Mchezo ukapata heshima. Lakini baruti nyeusi ya wakati ule iliacha masizi mazito, kwa hiyo asiyesafisha mtutu alikuwa anajimaliza mwenyewe.

Baadaye ikaja baruti isiyo na moshi. Mwendo wa risasi ukaongezeka, na risasi zikavishwa ganda la shaba iliyochanganywa na nikeli. Ganda hilo liliacha mabonge ya chuma ndani ya mtutu, mpaka watu wakawa wanayayeyusha kwa amonia. Mwaka 1921 Wamarekani walijaribu kupaka risasi za mashindano bati ili kuzuia mabonge hayo. Zaidi ya hapo, fataki za kuwashia baruti ziliacha chumvi iliyovuta unyevu, na kutu ikala mtutu haraka. Kwa babu zetu hao wa shabaha, kusafisha kila mara ilikuwa lazima.

Lakini mambo yakabadilika. Ganda la risasi likawa la shaba na zinki, fataki zikaacha kuleta kutu, na mafundi wa mitutu ya mashindano wakawa wanaing'arisha kwa mkono ndani kabla ya kuiuza. Sasa kwa nini kuzoesha mtutu kukaendelea?

Hapa ndipo ubuyu unapoanza. Fundi mmoja mkongwe, jina tunalihifadhi, alisimulia kwamba siku moja mtutu uliletwa karakana kwake ukiwa na karatasi ya maelekezo ya kuuzoesha. Mtengenezaji alikuwa jamaa ambaye yeye mwenyewe alimsaidia kuanza biashara. Walipokutana akamuuliza, hii ni nini? Kwa mujibu wa mkongwe, jamaa alijibu kwa hesabu: nauza mitutu kama 700 kwa mwaka, na mteja hupiga kama risasi 3,000 kabla ya kubadilisha. Kila mmoja akipoteza 100 kwa kuzoesha, piga hesabu mwenyewe.

Tukapiga. Ni risasi 70,000, sawa na maisha ya mitutu 23 hivi. Kila mwaka!

Hiyo ni simulizi ya upande mmoja, tusimnyonge mtu. Wapo watengenezaji wanaoeleza sababu ya kiufundi. Mtutu hung'arishwa ndani kwanza, halafu koo lake, pale risasi inapoingilia, linachongwa baadaye. Kuchonga huko huacha mikwaruzo inayokwangua shaba ya risasi. Risasi chache za mwanzo hulainisha koo, na kusafisha katikati kunazuia shaba isijazane juu ya mikwaruzo hiyo. Inaingia akilini.

Ila kuna kitu kimoja pande zote mbili zinakijua: mtutu una umri. Kila risasi inapita na gesi ya moto inayokula koo, na fimbo ya kusafishia ikitumika vibaya inaumiza pia. Hakuna risasi ya bure.

Kwa hiyo mwenye akili haangalii namba kwenye karatasi, anaangalia kitambaa. Dawa ya kuondoa shaba hukifanya kitambaa kitoke na rangi ya bluu. Bluu ikipungua, koo limetulia, basi, nenda kashindane. Kuna mitutu inayotulia baada ya risasi chache tu.

Funzo? Desturi inaweza kuzaliwa na shida ya kweli, shida ikaisha, halafu mtu mwingine akaigeuza biashara. Kabla hujatii, uliza nani analipwa.

Haya, tuambieni: ni ushauri gani wa "kitu kipya" mnaoufuata mpaka leo bila kujua sababu?