Neno la Mama kutoka Newala

Mama hasemi "chikungunya" kama linavyotamkwa redioni. Akilisikia huacha kuchambua mchele na kunirekebisha: "Kungunyala. Kujikunja." Kisha hukunja viwiko na kuinama, kunionyesha watu wa Newala walivyotembea mwaka 1952, yeye akiwa na miaka minane.

Nimekulia Kariakoo, mtaa uliopata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maumivu ya mgongo na magoti tunayajua. Makuli wa bandarini walirudi jioni wakijichua kwa mafuta ya nazi, na kila lililouma liliitwa baridi yabisi. Mama, aliyekuja mjini kwa meli kutoka Mtwara, hakukubali jina hilo kwa ugonjwa wa kwao. Baridi yabisi huja taratibu. Ule, mtu alilala mzima, akaamka hawezi kuinuka kitandani.

Daktari Marion Robinson aliwaona wagonjwa hao, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1955: homa ya ghafla, upele, na viungo vinavyouma hadi mtu anajikunja. Neno la Wamakonde wenyewe wa Newala likawa jina la ugonjwa. Mwenzake, W. H. R. Lumsden wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alifuatilia mbu wanaoueneza. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida. Wanawake walishuka bondeni, wakapanda na mitungi kichwani, wakayatunza maji ndani ya nyumba. Humo ndimo alimozaliana mbu aina ya Aedes aegypti. Mwaka 1956 R. W. Ross akaeleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana. Bibi yangu alikuwa mmoja wa washuka bondeni wale. Homa ilimwacha baada ya siku chache, lakini kwa miezi hakuweza kushika mchi, na mtungi ukahamia kichwani kwa mama.

Huku pwani nako kulikuwa na jina. Mwaka 1870 daktari James Christie, akiwa Zanzibar, alikutana na homa ya kukaza viungo ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo; wazee waliikumbuka tangu 1823. Wengi huamini neno dengue limetokana na jina hilo, na wapo wataalamu wanaodhani ile ilikuwa chikungunya hasa.

Mwaka 2004 ugonjwa wa chikungunya ulizuka Lamu, ukafika Komoro, kisha La Réunion, ambako hadi 2006 ulikuwa umewapata takriban theluthi moja ya wakazi. Matabibu wa viungo waliwafuatilia wagonjwa wa huko kwa miaka, wakaona yale ya bibi: homa huisha, lakini kwa baadhi yao vidole na vifundo huendelea kuvimba na kukakamaa, kwa namna inayofanana na baridi yabisi.

Mama naye viungo humuuma, na daktari wa zahanati moja hapa mjini aliwahi kumwandikia "maumivu ya uzee". Njiani akaniambia, "Hakuniuliza yalianzaje." Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu ugonjwa wa Newala ulijulikana duniani kwa vile wagonjwa walisikilizwa.

Tangu hapo nina daftari. Kabla ya kliniki naandika anachosema: kiungo gani, tangu lini, kinauma vipi, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde. Naliweka mezani kabla daktari hajashika kalamu.