Mike Enzi
Michael Bradley Enzi (1 Februari 1944 – 26 Julai 2021) alikuwa mfanyabiashara na mwanasiasa wa Marekani kupitia chama cha Republican. Aliwakilisha jimbo la Wyoming katika Seneti kuanzia 1997 hadi 2021.

Alizaliwa Bremerton, Washington, akakulia Wyoming. Alisomea uhasibu katika Chuo Kikuu cha George Washington, kisha akapata shahada ya uzamili ya biashara katika Chuo Kikuu cha Denver mwaka 1968. Mwaka uliofuata alimwoa Diana Buckley, wakahamia Gillette kuendesha duka la viatu lililoitwa NZ Shoes.

Alikuwa meya wa Gillette kuanzia 1975 hadi 1982. Wakati huo uchimbaji wa makaa ya mawe ulivuta wakazi wengi wapya, na mji ulilazimika kuongeza maji, umeme na barabara. Baadaye alihudumu katika bunge la jimbo, na mwaka 1996 akachaguliwa kuwa seneta.

Aliongoza Kamati ya Afya, Elimu, Kazi na Pensheni (2005–2007), akishirikiana na Ted Kennedy wa chama cha Democratic. Mwaka 2006 aliwasilisha sheria ya usalama migodini baada ya maafa ya mgodi wa Sago yaliyoua wachimbaji 12. Aliongoza pia Kamati ya Bajeti (2015–2021).

Alifariki kutokana na majeraha ya ajali ya baiskeli karibu na Gillette.