Mapenzi ya Timu ya Mbali

Msomaji mpenzi, ukifika mji wa Maua, katika vilima vya Nyambene, jioni ya Jumamosi wakati wa ligi ya Uingereza, huenda ukasikia kelele za ghafla kutoka chumba kilichojaa watu. Usidhani pana ugomvi. Bao limefungwa London au Manchester, na vijana ambao hawajapata kukanyaga miji hiyo wanakumbatiana kama ndugu waliopotezana miaka mingi. Yafaa tujiulize: mtu hupata nini kwa timu isiyomjua hata jina?

Mwenye haraka atajibu kwamba hufuata faida. Na tulipime jibu hilo kwa historia ya Maua yenyewe. Kwa miaka mingi miraa ya wakulima wa Igembe ilichukuliwa kwa gari hadi Nairobi, kisha kwa ndege hadi London. Mwezi wa Juni 2014 serikali ya Uingereza iliipiga marufuku, na soko hilo likafungwa. Wakulima na wachuuzi walipata hasara kubwa. Lakini mashabiki wa Arsenal, timu ya London hiyo hiyo, hawakuiacha. Kama mapenzi yao yangalikuwa ya faida, yangalikufa siku ile soko lilipokufa.

Basi chanzo chake ni nini? Tazama jinsi timu zilivyoanza. Manchester United iliundwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli wa Newton Heath. Arsenal iliundwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Hapa Kenya, timu ya Abaluhya, ambayo leo huitwa AFC Leopards, ilianzishwa mwaka 1964, na Gor Mahia mwaka 1968. Zilipendwa sana na watu wa magharibi ya nchi waliokuwa wakiishi Nairobi, mbali na kwao. Katika kila mfano huu watu walikuwa na ushirika kwanza, kazini au ugenini. Timu ikawa bendera ya ushirika huo.

Ndivyo ilivyo Maua pia. Ligi Kuu ya Uingereza ilianza mwaka 1992, na televisheni za setilaiti zikaileta hadi kwetu. Lakini televisheni huleta picha tu, mapenzi haileti. Mapenzi huletwa na kaka aliyekushika mkono, akakuketisha kando yake, akakufundisha jina la kila mchezaji. Timu i mbali. Uliyeketi naye yu karibu. Ndiyo sababu kuiacha timu huonekana kama kumwacha yeye.

Tena, msiba hukaza fundo kuliko ushindi. Tarehe 6 Februari 1958, ndege iliyowachukua Manchester United ilianguka Munich. Watu 23 walikufa, 8 kati yao wakiwa wachezaji. Mashabiki hawakuikimbia timu, na miaka 10 baadaye ilitwaa Kombe la Ulaya. Gor Mahia nayo, iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, ilikaa tangu 1995 hadi 2013 bila kupata ubingwa wa ligi ya Kenya. Hata hivyo nyimbo za mashabiki wake hazikunyamaza. Wahenga walinena kweli: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Kwa hiyo, msomaji, usione haya kuipenda timu ya mbali, wala usimcheke mwenzio aipendaye. Lakini kumbuka jambo moja. Timu ya London haitapungukiwa usipoitazama. Timu ya kijiji chako, ichezayo kwenye uwanja wa vumbi, hupungukiwa sana. Hata zile kubwa zilikuwa zamani timu ndogo za majirani, nazo zilikua kwa sababu walikuwako watu waliosimama kando ya uwanja, mvua ikinyesha, wakazishangilia. Uaminifu uliojifunza kwa walio mbali, uwape na walio karibu. Siku timu ya shule yako itakaposhindwa, usiwageuzie wachezaji wake kisogo. Juma lijalo nenda tena, ukasimame pale pale.