Machozi ya Mama na Vitabu vya Mwana

Katika kitabu hiki cha Jubilei twakumbuka makanisa yaliyojengwa na mashule yaliyofunguliwa. Lakini iko kazi moja isiyoandikwa katika daftari yo yote, nayo ni sala ya wazazi na waalimu kwa ajili ya kijana ambaye moyo wake hautulii, darasani wala kanisani. Kazi hiyo ni ya zamani sana katika Kanisa, na mfano wake mkubwa umetoka hapa hapa Afrika. Tunataka kuwakumbusha habari za Mtakatifu Monika na mwanawe Agostino.

Agostino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354, katika mji wa Thagaste, mahali uliposimama leo mji wa Souk Ahras katika nchi ya Aljeria. Baba yake, Patrisio, alikuwa bado mpagani. Mama yake alikuwa Mkristu. Mtoto alikuwa na akili nyingi, lakini alipenda mchezo kuliko masomo, na lugha ya Kiyunani ilimchukiza kabisa. Waalimu wa siku zile walitegemea fimbo. Basi, kama alivyoungama mwenyewe baadaye alipokuwa askofu, sala yake ya utotoni ilikuwa ndogo, tena ya kweli: alimwomba Mungu asipigwe shuleni. Akapigwa. Na wakubwa, hata wazazi wake, wakamcheka.

Tusipite hapa upesi. Mtoto yule hakujua kusali sala nyingine, lakini alijua kwa nani aende na shida yake. Sisi wakubwa mara nyingi twacheka shida za watoto kwa kuwa si shida zetu, kisha twashangaa wanapokuwa vijana na kutuficha mambo makubwa.

Alipokuwa na miaka 16 fedha ya karo ikapungua, akarudi nyumbani kutoka shule ya Madaura, akakaa mwaka mzima bila kazi. Mwaka ule wa uvivu ulimharibu. Usiku mmoja yeye na wenzake waliiba matunda ya mti wa jirani, si kwa njaa, bali kwa kupenda uovu tu, wakawatupia nguruwe. Kisha akapelekwa Kartago, mji mkubwa, kujifunza ufasaha wa kunena. Huko alisifiwa kwa elimu, lakini akaishi na mwanamke bila ndoa, wakapata mwana, jina lake Adeodato. Alipokuwa na miaka 19 kitabu cha Cicero kiliwasha ndani yake hamu ya hekima. Akafungua Maandiko Matakatifu, akayaona maneno yake ni duni, akayaacha. Akawafuata wanafunzi wa Mani, waliofundisha kwamba ziko asili mbili, ya nuru na ya giza, zenye kupigana.

Monika alilia kama watu wanavyolilia maiti. Asubuhi na jioni alikwenda kanisani kumwombea. Akamwendea askofu mmoja, akamsihi azungumze na kijana na kumshinda kwa hoja. Askofu akakataa, akisema kwamba kijana bado ana kiburi cha mambo mapya. Amwache, amwombee tu, naye kwa kusoma atauona mwenyewe uongo ule. Kwa maana askofu yule alikuwa amelelewa katika mafundisho yale yale, akayaacha baada ya kuvisoma vitabu vyake. Monika hakuridhika, akazidi kulia. Ndipo askofu akamwambia aende zake, kwa kuwa haiwezekani mwana wa machozi kama hayo apotee.

Na ikawa hivyo, wala si kwa muujiza wa siku moja. Agostino aliendelea kusoma, akalinganisha mafundisho ya Mani juu ya nyota na hesabu za wataalamu, akaona hayapatani. Alipokuja Fausto, mwalimu wao mashuhuri, hakuweza kumjibu. Hivyo elimu, ambayo mama aliogopa kwamba imemwiba mwanawe, ikawa mojawapo ya njia za kumrudisha.

Mwaka 383 Agostino aliazimu kwenda Roma. Mama akamshika asiende. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza rafiki tu bandarini. Usiku ule Monika alikuwa akisali katika kanisa dogo la ukumbusho wa Mtakatifu Sipriano, akimwomba Mungu azuie safari ile; na merikebu ikang'oa nanga. Asubuhi akasimama pwani, hana mwana. Lakini safari ile aliyoomba izuiwe ndiyo iliyomfikisha Agostino Milano, kwa Askofu Ambrosi, ambaye mahubiri yake yalimfungulia Maandiko. Mungu alimnyima mama neno aliloliomba usiku ule, ili ampe lile aliloliomba miaka yote.

Mwaka 386, katika bustani huko Milano, Agostino alisoma maneno ya Mtume Paulo kwa Warumi, moyo wake ukatulia. Katika mkesha wa Pasaka mwaka 387 Ambrosi akambatiza, pamoja na Adeodato. Mwaka ule ule Monika akafa Ostia, mwenye miaka 56, asirudi tena kwao.

Ninyi waalimu, sikilizeni na hili. Kama mwaka 400 Agostino, sasa askofu wa Hippo, alimwandikia Deogratias, shemasi wa Kartago, aliyelalamika kwamba mafundisho yake yanachosha. Agostino hakumwagiza achukue fimbo. Alimshauri afundishe kwa furaha, na akimwona msikilizaji anapiga miayo, amwamshe kwa neno la kuchangamsha, au ampe kiti. Aliyepigwa utotoni hakusahau.

Basi yatupasa kuomba, na kungoja, na kufundisha vema. Tusiyatenge masomo na imani kama adui wawili, wala tusimhesabie Mungu siku. Monika alingoja miaka mingi. Sisi twachoka kabla ya muhula kwisha. Katika Jubilei hii, kila nyumba na kila shule na imtaje kijana wake kwa jina, na kuomba hivi:

Ee Bwana, mtazame mtoto wetu huyu, ambaye mawazo yake yatangatanga. Umtulize mbele ya kitabu chake na mbele ya altare yako. Umpe kupenda kweli popote aionapo, hata imfikishe kwako. Utupe sisi uvumilivu, tusimcheke, tusimkatie tamaa. Na tukiomba vibaya, utunyime, ukatupe lililo jema. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.