Msimu wa Kula Shaba

Mvua zikishakatika mwezi wa tano, Lubumbashi, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, huingia katika baridi yake. Mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa sita na wa saba mchana ni wa jua kali na anga safi, lakini usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 10 na alfajiri watu hupita barabarani wamejifunika hadi masikioni. Zamani, kabla ya mji huu kuwapo, huo ndio uliokuwa msimu wa kutoka nje. Mtama ukishavunwa na njia zikishakauka, chifu alitangaza kwamba wakati wa kwenda kula shaba umefika, na familia nzima nzima ziliacha nyumba zao zikaenda kupiga kambi porini, karibu na vilima vyenye madini.

Ndiyo maana watu hao wamebaki katika historia kwa jina la wala shaba. Habari zao nyingi tunazipata kwa Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenedikto aliyekuwa mkuu wa Kanisa Katoliki Katanga, ambaye alichapisha maelezo ya kazi yao mwaka 1926 kutokana na wazee waliokuwa bado wanaikumbuka. Tunapaswa kuwashukuru wazee hao kwanza. Bila wao tungebaki na mashimo na mabaki ya tanuri tu.

Kazi ilianza na malakiti, jiwe la kijani ambalo hata leo huchongwa na kuuzwa mjini. Wanawake na watoto waliokota vipande vilivyokuwa juu ya ardhi. Wanaume walishuka mashimoni na majembe ya chuma kufuata mkanda wa kijani ndani ya mwamba. Mawe yakapelekwa mtoni, yakachambuliwa na kuoshwa mpaka udongo wote utoke. Wengine walikata miti migumu na kuchoma makaa, mengi sana, kwa sababu shaba haiyeyuki kwa moto wa kupikia ugali: inahitaji joto la nyuzi 1,085.

Kwenye tanuri wanawake hawakukaribia. Hapo palikuwa pa mafundi, na ufundi wao ulikuwa na chama chake, dawa zake na miiko yake. Kijana hakujifunza kwa kuelezwa. Aliingizwa chamani, akawekwa kwenye kazi, akazoea. Tanuri yenyewe ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto vizuri, ikaachiwa matundu chini ya kupitisha mabomba ya udongo. Nyuma ya mabomba walikaa wavukutaji na mivukuto ya ngozi ya swala, wakipokezana bila kuuacha moto upoe. Makaa chini, malakiti juu, makaa tena. Fundi mkuu alitazama rangi ya mwali na ya moshi, maana hakuwa na kipimo kingine. Shaba ilipokusanyika chini, iliyeyushwa mara ya pili ili isafike, kisha ikamiminwa katika kalibu zilizochorwa mchangani.

Umbo lililojulikana kuliko yote ni msalaba wa mikono minne, mingine ikikaribia kilo moja. Ulikuwa mali, mahari na fedha. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta misalaba midogo iliyozikwa pamoja na wafu, ushahidi kwamba shaba ya kusini ilisafiri mamia ya kilomita karne nyingi kabla Mzungu hajafika. Na huko Naviundu, pale pale Lubumbashi, mabaki ya kazi ya shaba yamepimwa kuwa ya karibu karne ya 4.

Karne ya 19 ilileta wageni kutoka mashariki: Wayeke, waliotoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, wakiongozwa na Msiri. Mji wake mkuu, Bunkeya, ukawa soko la pembe, watumwa na shaba, na mafundi wa Kiyeke wakasifika kwa kuvuta waya mwembamba wa bangili. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka uliofuata mjiolojia Jules Cornet alipita akiandika kuhusu vilima vya kijani, na mashimo ya wala shaba ndiyo yaliyowaonyesha Wabelgiji mahali pa kuchimba. Jambo hili linasahaulika mno. Mgodi wa Étoile, wa kwanza wa kampuni ya Union Minière karibu na mji, wenyeji walikuwa wakiuita Kalukuluku.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji huu ukapewa kwanza jina la Elisabethville, na mwaka 1911 tanuri la kando ya mto Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Tanuri hilo halikungoja mtama uvunwe. Liliwaka masika na kiangazi, usiku na mchana, likala makaa ya mawe yaliyoletwa kwa reli na vijana walioletwa kutoka mbali. Kambi ya wafanyakazi ilichukua nafasi ya kambi ya msimu, na safari za kula shaba zilikwisha.

Lakini msalaba haukusahaulika. Tarehe 11 Julai 1960, katikati ya baridi, kiongozi wa jimbo, Moïse Tshombe, alitangaza Katanga kuwa nchi huru. Bendera yake ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, na sarafu zilizotolewa mwaka 1961 zilibeba msalaba huo huo.