Nani anaichungulia simu yako?

Jirani yangu hapa Bofu alinijia baada ya magharibi, simu ameishika kwa mikono miwili kama kitu cha moto. "Mwanangu, hebu nisomee hii," akaniambia. Kusoma anajua. Alitaka tu mtu mwingine aisome, apate kuamini aliyoyaona.

Ulikuwa ujumbe aliotumiwa na shemeji yake. Kampuni moja ya mikopo ya simu ilikuwa imemwandikia huyo shemeji kwamba jirani yangu ni mwizi, amekimbia na deni, na yeye shemeji amhimize alipe. Deni lenyewe ni shilingi 3,000, limechelewa siku tisa. Kabla ya adhana ya isha ujumbe ule ule ulikuwa umemfikia mwalimu wa madrasa ya wanawe, mwenye duka anayemkopesha unga, na wanawake kadhaa wa chama chake.

Swali lake lilikuwa moja: "Namba za watu wangu wamezitoa wapi?"

Nilimuonea haya kumjibu, kwa sababu jibu ni kwamba alizitoa yeye. Siku alipoipakua ile apu, simu ilimuuliza kama anairuhusu isome orodha ya majina. Alikuwa na karo ya mtoto kichwani. Akabonyeza "Ruhusu", akaendelea.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mengi mtaani kuhusu simu na upelelezi. Wengi huogopa jasusi wa mbali, na si kwamba hayupo. Lakini katika niliyoyaona, anayechungulia simu ya mtu mara nyingi aliingia kwa mlango wa mbele, na mwenye nyumba ndiye aliyemfungulia. Kwa hivyo nimeandika hapa nani anaweza kuona nini, sheria inasema nini, na la kufanya.

Simu husema nini hata ukinyamaza

Kwanza tuondoe dhana moja. Watu husema, "Satelaiti inaniona." Satelaiti za GPS hazimuoni mtu. Kazi yao ni kutuma mawimbi, na simu yako ndiyo inayopiga hesabu ya mahali ilipo. Matata huanza pale apu inapoichukua hesabu hiyo na kumpelekea mwenye apu, tena kwa bando ulilonunua wewe.

Minara ya simu ni jambo jingine. Ili upigiwe na upatikane, mtandao lazima ujue uko karibu na mnara gani. Ukivuka feri kutoka Likoni, simu yako huiacha minara ya ng'ambo hii na kushika ya Kisiwani, nawe huna habari. Kampuni ya simu huweka kumbukumbu: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, kupitia mnara upi. Maneno yaliyosemwa hayamo. Lakini ukijua mtu alikuwa wapi usiku wa manane na alizungumza na nani, umeshajua mengi. Hata simu ya mulika mwizi isiyo na intaneti hujulikana ilipo kwa njia hii.

Kisha kuna utambulisho. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Simu yenyewe ina namba yake ya tarakimu 15, inayoitwa IMEI. Bonyeza *#06# utaiona. Anayebadilisha laini akidhani amejificha bado amebeba IMEI ile ile. Iandike namba hiyo kwenye karatasi uiweke nyumbani, maana simu ikiibwa utahitaji kuitaja polisi.

Na WhatsApp? Ujumbe wake hufungwa kutoka simu hadi simu, kwa hivyo aliye katikati ya njia hawezi kuusoma. Lakini kufuli hilo halimzuii mtu aliyeishika simu yako ikiwa wazi. Huyo husoma kama unavyosoma wewe.

Apu ya mkopo na orodha ya majina

Turudi kwa jirani yangu. Alichofanyiwa kimekatazwa. Mwezi wa Machi 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali. Kanuni hizo zinawataka wawe na leseni, zinawakataza vitisho na matusi, na zinawakataza kutumia orodha ya majina ya mteja kuwaandikia watu wake anapochelewa kulipa. Tangu tarehe 31 Mei 2023 Google nayo imezizuia apu za mikopo zilizo kwenye duka lake, Play Store, kusoma majina na picha za mteja. Ndiyo maana apu unayotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp, nje ya duka hilo, ni ya kuogopwa zaidi. Huko hakuna mlinzi.

Juu ya hayo kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Inasema habari zako ni zako. Una haki ya kuambiwa zinachukuliwa kwa kazi gani, kuziona, kuzisahihisha, na kutaka zifutwe zikiwa zimewekwa bila haki. Idhini uliyoitoa unaweza kuiondoa wakati wowote, na mzigo wa kuthibitisha kwamba uliitoa ni wa kampuni.

Sheria hiyo si pambo. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Wakati huo huo klabu ya Casa Vera ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule ya Roma ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Faini ya juu kabisa ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka ya kampuni, ile iliyo ndogo.

Tazameni walioshinda hapo: watu waliotumiwa vitisho, mteja wa klabu, wazazi wa wanafunzi. Hakuna mkubwa hata mmoja.

Anayelala nyumba moja nawe

Hili watu huliuliza kwa sauti ya chini. Mume anajuaje nilipokuwa? Mke ameonaje ujumbe niliokwisha kuufuta?

Mara nyingi hapana uchawi wala utaalamu. Mtu aliishika simu dakika mbili, akaunganisha WhatsApp yako na kompyuta au simu yake. Ingia WhatsApp, tafuta "Vifaa vilivyounganishwa", na usichokitambua kiondoe. Njia ya pili ni akaunti ya Google. Kama fundi au mtu wa nyumbani ndiye aliyekufungulia, huenda anajua neno lako la siri, na kwa akaunti hiyo anaweza kuona simu ilipo. Badilisha neno hilo. Tazama pia Google Maps kama kuna mtu anayeshirikishwa mahali ulipo.

Njia ya tatu ni apu za kijasusi zinazouzwa waziwazi, eti za kulinda watoto au kumchunga mwenzi. Anayeiweka lazima kwa kawaida aishike simu yako. Zikishaingia hujificha, husoma ujumbe na hufuata mahali ulipo.

Watu wengi wametumiana namba ya *#21# wakiambiwa inaonyesha kama unasikilizwa. Si kweli. Inaonyesha tu kama simu zako zinaelekezwa kwenye namba nyingine. Ni jambo la maana kulijua, na ukizikuta zinaelekezwa, ##002# huondoa yote. Lakini ikijibu kwamba hakuna kitu, usidhani umepimwa ukaonekana mzima.

Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inaweka faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3 kwa anayeingia katika mtambo wa mwingine bila idhini. Haikusema "isipokuwa mume" wala "isipokuwa mke". Na sisi tulio Waislamu tunajua Surat al-Hujurat imekataza kupelelezana, na Surat an-Nur imetufunza kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu. Stara haikuanza na simu.

Tahadhari moja kwa dada au mama anayepigwa nyumbani: usikimbilie kuifuta apu hiyo. Aliyeiweka atajua saa ile ile, na hasira yake itakufikia wewe. Tumia simu ya mtu mwingine, zungumza kwanza na unayemwamini, au piga 1195, namba ya bure ya kusaidia wanaodhulumiwa kijinsia.

Dola

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kinataja wazi faragha ya mawasiliano. Lakini Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyoviruhusu vyombo vya dola kunasa mawasiliano katika kupambana na ugaidi. Februari 2015 Mahakama Kuu iliviondoa vipengele kadhaa vya sheria hiyo. Hicho cha kunasa mawasiliano kilibaki.

Machi 2017 shirika la Privacy International lilitoa ripoti likidai kuwa maafisa wa usalama wa Kenya hupata mawasiliano ya watu bila kufuata utaratibu. Oktoba 2024 gazeti la Nation likachapisha uchunguzi kuhusu polisi na data za wateja wa Safaricom. Kampuni hiyo ilikanusha, ikasema hutoa habari za wateja pale tu sheria inapotaka. Septemba 2025 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walisema wamekuta alama za apu ya kijasusi ya FlexiSPY katika simu za watengenezaji filamu waliokuwa wamekamatwa nchini, na kwamba iliingizwa wakati simu zile ziko mikononi mwa polisi. FlexiSPY ni miongoni mwa zile zile zinazouzwa kwa wanandoa. Hata hapo, basi, aliyedukua ni aliyeishika simu.

Kwetu Pwani jambo hili lina uzito wake. Mashirika kama MUHURI na Haki Africa yametumia miaka mingi kuandika habari za vijana waliokamatwa wasionekane tena. Mama wa Likoni ambaye mwanawe hakurudi haulizi maswali ya teknolojia. Anauliza simu ya mwanangu ilizimwa wapi. Kumbukumbu zile zile za minara zinazotutisha ndizo anazozihitaji. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na raia mmoja kwa mauaji ya wakili Willie Kimani na wenzake wawili, na kumbukumbu za simu zilikuwa sehemu ya ushahidi.

Ndiyo maana mimi sisemi kumbukumbu zisiwepo. Nasema anayezitaka, awe afisa au mama, apite mahakamani, mbele ya hakimu, na jina lake liandikwe. Tatizo letu ni pale mlango unapofunguka kwa mwenye cheo peke yake.

La kufanya

Fungua Mipangilio, kisha Programu, kisha Ruhusa. Jiulize: apu ya tochi inataka majina ya watu wangu ya nini? Ya mkopo inataka picha zangu za nini? Izime ruhusa isiyo na sababu.

Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa kampuni ya simu iondolewe. Kosa likifanywa kwa laini hiyo, wewe ndiwe utakayetafutwa.

Simu ikienda kwa fundi, toa laini na kadi ya kumbukumbu. Ikiwa kazi ni kioo tu, kaa hapo hapo mpaka ikamilike.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 kinakupa haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Simu ikichukuliwa, omba iandikwe kwenye kitabu cha matukio kituoni. Ikirudishwa, usiitumie kabla ya mtaalamu kuitazama.

Ukidhulumiwa kama jirani yangu, usifute kitu. Piga picha za ujumbe wote, andika tarehe na namba zilizotumika, omba na waliotumiwa wakuhifadhie zao. Kisha peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data kupitia tovuti yake. Hulipi chochote, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa katika siku 90. Kamishna anaweza pia kuamuru ulipwe fidia.

Jirani yangu deni lake alilipa kesho yake, kwa kuuza kuku wawili. Deni ni haki, nalo alitaka kulilipa tangu mwanzo. Kisha tukaketi ukumbini kwangu tukaandika malalamiko, akayatuma kwa kidole chake mwenyewe. Jibu bado linasubiriwa. Mkutano wa chama alirudi baada ya wiki tatu, akaketi karibu na mlango.

Huku kwetu mgeni hupiga hodi mara tatu, na mwenye nyumba huuliza "Nani?" kabla ya kusema "Karibu". Simu nayo hupiga hodi kila inapokuuliza "Ruhusu?" Nasi tuulize kwanza.