Mbegu za mafuta: Namba ya forodha na cheti huamua ushuru

Mfanyabiashara anayepitisha mbegu za mafuta mpakani anapaswa kujua mambo mawili kabla ya lori kuondoka: namba ya HS ya mzigo na nchi ulikotoka.

Mbegu hizi ziko Sura ya 12 ya orodha ya Shirika la Forodha Duniani. Soya ni 1201, karanga mbichi 1202 (zenye maganda 1202.41, zilizobanguliwa 1202.42), mbata 1203, alizeti 1206 na ufuta 1207.40. Mbegu za kupanda za soya na karanga zina namba zake, 1201.10 na 1202.30.

Bidhaa ikisindikwa, sura hubadilika. Karanga za kukaanga huhamia 2008.11, mafuta ya alizeti 1512, na mashudu ya alizeti 2306. Anayeandika "karanga" tu kwenye ankara anaacha mlango wazi wa mabishano, kwani viwango vya Sura ya 20 viko juu zaidi.

Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 1 Januari 2005 ukiwa na viwango vya asilimia 0, 10 na 25. Kiwango cha asilimia 35 kiliongezwa 1 Julai 2022. Mbegu za kukamua kutoka nje ya Jumuiya kwa kawaida hutozwa asilimia 10 ya thamani pamoja na bima na usafiri. Mzigo wenye thamani hiyo ya shilingi milioni 30 utalipa ushuru wa milioni 3, mbali na kodi na tozo nyingine.

Mazao yaliyolimwa ndani ya Jumuiya hayatozwi ushuru huo, mradi yawe na cheti cha uasilia. Kwa bidhaa zilizo kwenye orodha maalumu, mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa mpakani.

Hapa wengi hukwama: soya ya Malawi au Zambia ikiingia Tanzania huhitaji cheti cha SADC, kwa sababu Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Ikiuzwa Kenya, cheti ni cha COMESA. Cheti kisicho sahihi kinaweza kukugharimu ile asilimia 10 yote.

Kila mwaka nchi wanachama huweza kuomba kutumia kiwango tofauti, na mabadiliko hayo hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Mwulize wakala wako kuhusu toleo jipya kabla ya kukubaliana bei na muuzaji.